Mita Inayojua Umekasirika

Karibu muda wote niliofanya kazi ya kusoma mita za maji, niliamini kwamba mita inajua kama aliyesimama juu yake amekasirika. Sikuamini nusunusu, kama mtu anavyoamini utabiri wa mvua. Niliamini kwa kofia yangu, kwa viatu vyangu, na kwa cheti cha kidato cha nne nilichokipata kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu za kumfunika mwalimu. Ukisimama na moyo unaochemka, kile kigurudumu chekundu katikati ya kioo kinazunguka mbio, na mteja anaandikiwa maji ambayo hakuyanywa, hakuyaoga wala hakumpa mbuzi. Ukisimama umetulia, nacho kinatulia. Nilifundishwa hivyo, nami nikawafundisha wengine, mkiwemo ninyi wadogo zangu mliobaki ofisini na yale makoti yenu ya kung'aa. Naombeni msicheke kwanza. Wengine wenu mliniamini.

Mimi ni Mkerewe wa Nansio. Nilivuka kuja Mwanza nikiwa na shati moja na maoni mengi. Mchana niliponda kokoto Mkolani, jioni nilikwenda darasani nikiwa na vumbi jeupe kichwani, hata mwalimu wa sayansi akawa ananiita Mzee na kunipa nafasi ya mbele. Alifundisha vizuri sana kabla ya kusinzia. Nilipofaulu, au tuseme niliposhindwa kwa kiwango kinachokubalika, nikaomba kazi ofisi ya maji, wakanichukua kwa ajili ya mwandiko wangu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kiasi kwamba wateja wengine walisoma ankara hadi mwisho ndipo wakakumbuka kuzimia.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Mabula, Msukuma mrefu mwembamba aliyekuwa akisoma mita tangu, kwa makadirio yangu, Mungu alipotenganisha maji na nchi kavu. Hakunipa hotuba. Alinipa ndoano ya chuma ya kuinulia vifuniko, kitambaa cha kufutia kioo, fimbo, daftari na kalamu ya risasi.

"Shikamoo mzee. Mbona kalamu ya risasi? Nina ya wino, mpya."

"Marahaba. Wino ukilowa unalia. Risasi hailii. Ingiza suruali ndani ya soksi."

"Kwa nini?"

"Siafu hawajibu maswali, kijana. Ingiza."

Niliingiza suruali moja, nyingine nikaiacha kwa sababu ya msichana aliyekuwa anapita. Siafu waliokuwa kwenye mita ya kwanza walichagua ile nyingine. Nilicheza ngoma pale ambayo sijaiona kwenye maonyesho yoyote, na Mzee Mabula akasubiri hadi nimemaliza ndipo akanionyesha namna ya kugonga kifuniko kwa ndoano na kungoja kidogo kabla ya kufunua, ili aliyeko ndani apate muda wa kujiandaa. Ndani ya mashimo ya mita za Mwanza nimekuta vyura, nge, kuku anayetaga, viatu vya shule vilivyofichwa na mwenyewe, na mara moja nyoka mwenye afya kuliko yangu. Wote wanastahili kugongewa hodi.

Ugumu wa kazi yetu haukuwa nyoka. Nyoka ukimgongea hodi anaondoka. Binadamu ukimgongea hodi anatoka. Tena mimi wakati ule nilikuwa mtu wa kuwaka. Nilikuwa nawaka bila kiberiti. Mtu akiniambia "umechelewa" nilisikia "mama yako mchawi." Nilikuwa nimegombana na makonda, na mafundi cherehani, na padri mmoja kwa ufupi sana, na mbwa wengi kwa urefu. Niliwahi kubishana na mwangwi kwenye miamba ya Mkolani, na kwa maoni yangu nilishinda.

Ndipo nikakutana na Mama Kulwa.

Mama Kulwa alikuwa muuza uji na maandazi, anakaa mtelemkoni Mkolani, nyumba imeegemea jiwe kubwa kama mtoto aliyeegemea tumbo la shangazi yake. Mita yake ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Alikuwa na mapacha, Kulwa na Doto, wasichana wa shule ya msingi, na alikuwa na sauti ambayo akiitoa Mkolani, mtu wa Busisi ng'ambo ya ziwa anaweza kuipungia mkono. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimeandika matumizi yake, naye hakuyapenda. Nilifika asubuhi hiyo nikiwa tayari nimeumwa na mbwa suruali, kwa hiyo nilianza kufoka tangu kwenye njia.

"Nani kaweka masufuria juu ya mita ya serikali?"

Mama Kulwa akatoka, akajaza mlango wote, mkono mmoja huku na mwingine kule.

"Wewe bwana maji! Mwezi uliopita umeniandikia maji ya kuogesha tembo. Leo umekuja kuniandikia ya kiboko?"

"Mama, mimi naandika ninachokiona!"

"Basi macho yako yana homa!"

"Macho yangu mazima! Mdomo wako ndio unaovuja, ungefungwa koki!"

Majirani walishatoka. Mmoja alikuja na kigoda chake. Huko ndani nilisikia vyombo vinagongana na watoto wanakimbia, nikafikiri wanacheza. Nikainua kifuniko kwa hasira, nikafuta kioo kwa hasira, nikatazama. Kile kigurudumu chekundu kilikuwa kinazunguka kama feni ya hotelini. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nikaandika, nikaondoka, na Mama Kulwa akanisindikiza kwa maneno mpaka barabara ya lami.

Kesho yake lalamiko lilinitangulia ofisini. Mkuu wetu alikuwa mama wa Kihaya tuliyemwita Bi Koku, mwenye sauti ndogo kama ya mtu anayesali, na ndiyo sababu tulimwogopa. Mtu mkali anayepiga kelele unajua mwisho wa ukali wake. Bi Koku hakuwa na mwisho.

"Kijana," alisema, "una mwandiko mzuri na mdomo mbaya. Mwandiko nautaka. Lalamiko lingine moja tu, hata likiletwa na kuku, unarudi Nansio kulima mihogo."

"Mama, sina shamba."

"Utalima la mwenzako."

Mke wangu Vero alikuwa na mimba ya kwanza. Tulikuwa tumehamia chumba chenye dirisha, na alikuwa ameshaliwekea pazia. Kurudi Nansio nikiwa na mke, tumbo, pazia na aibu, hapana. Nilitoka kwa Bi Koku, nikamkuta Mzee Mabula anakunywa chai kwa mama ntilie nyuma ya ofisi, nikamweleza yote, hadi habari ya kigurudumu.

Mzee Mabula akaweka kikombe chini. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Kile chekundu kilikimbia?"

"Kama feni, mzee."

"Na wewe ulikuwa umekasirika?"

"Sana."

"Basi umeona kwa macho yako. Mimi nilionyeshwa na aliyenifundisha, naye alionyeshwa na wake. Mle ndani ya mita kuna sumaku. Damu ya mtu ina chuma. Damu ikichemka, chuma kinaisumbua sumaku."

Wadogo zangu, mimi nilisoma mambo hayo. Sumaku nilikutana nayo darasani, na chuma kwenye damu nilikutana nacho vilevile, ingawa katika vipindi viwili tofauti na sikuwahi kuwaona pamoja. Nikajua hilo ni somo la kidato cha tano. Na kwa kuwa nilikuwa msomi, sikukubali hivihivi. Nilifanya jaribio. Mwezi uliofuata nilikwenda kwa Mama Kulwa nikitembea taratibu kama bwana harusi, nikasema shikamoo, nikafunua. Kigurudumu kimetulia kimya, unaweza kukipiga picha ya pasipoti. Nikafunika. Sasa nilitakiwa kukasirika, ila mteja nisimguse, maana mihogo ya Nansio ilikuwa inaningoja. Pembeni palikuwa na mbuzi. Nikamgeukia mbuzi yule na kumfokea kwa sauti yangu yote, nikamwambia habari za ukoo wake, pembe zake na tabia zake. Mbuzi akashangaa. Mama Kulwa akatokeza mlangoni, akauziba. Nikafunua kifuniko upesi. Feni!

Hapo sikuwa na shaka tena. Nilikuwa na mwalimu, nilikuwa na jaribio, nilikuwa na mbuzi shahidi.

Kwa hiyo ikawa lazima nijifunze kutulia, na siyo kutulia kwa uso tu, maana sumaku haidanganyiki na uso. Mzee Mabula alinipa dawa aliyokuwa akiitumia mwenyewe. Kabla ndoano haijagusa kifuniko, tafuta kitu kimoja kizuri kilichopo palepale, ukishukuru.

"Namshukuru Mungu kwa uhai," nikasema, tukiwa mbele ya mita ya kwanza.

"Hiyo ya kanisani. Kila mtu anayo. Nataka cha hapa."

Nikatazama. Palikuwa na ukuta, matope, na bata mwenye dharau.

"Hapa hakuna kitu, mzee."

"Tazama tena."

"Hakuna."

"Juu."

"Juu kuna waya wa umeme."

"Basi shukuru una shingo inayogeuka. Funua."

Mwanzoni zilikuwa shukrani za kuokoteza, kama kuni za msimu wa mvua. Nilishukuru kwamba matope yamechukua kiatu kimoja tu. Nilishukuru mbwa ana meno mabovu. Nilishukuru mteja anayenitukana ananitukana kwa Kijita, lugha ambayo naijua kidogo tu, kwa hiyo nusu ya matusi ilinipita. Lakini ukitafuta kitu kila siku, kwenye kila nyumba, mtelemko kwa mtelemko, jicho linazoea kutafuta. Nikaanza kuona vitu kabla sijavitafuta. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa mtu asiyekudai kitu. Upepo wa ziwa unaokukuta juu ya miamba shati likiwa limelowa jasho, ukakupepea kama mgonjwa tajiri. Shati la mzee fulani kwenye kamba, mikono imeinuliwa juu kama linasifu. Mtoto aliyenipa shikamoo, kisha akampa na mbwa wake, asibague. Kule mjini kati, kwenye nyumba moja ya ghorofa, kulikuwa na bibi wa Kihindi aliyemwagilia mrehani wake uani kila asubuhi kwa kikombe kidogo cha shaba, polepole, kama anamnywesha mtoto. Kwake nilikuwa nafika mapema makusudi. Alikuwa hasemi kitu. Akimaliza ananitazama, ananipa kipande cha kashata, ananionyesha mita kwa kidevu. Ninaamini mita ile ilikuwa inarudi nyuma.

Nyumbani Vero alinitilia shaka. Alikuwa ameolewa na mtu anayegombana na mlango ukigoma kufunga, sasa analala na mtu anayeushukuru mlango kwa kuwa na bawaba.

"Baba Modesta," aliniuliza jioni moja, maana mtoto alikwisha kuzaliwa na tulimpa jina la mama yangu, "umeingia dhehebu gani?"

"Sijaingia dhehebu. Ni mambo ya kazini."

"Ugali umeungua, hujasema kitu."

"Nashukuru. Meno yanapata mazoezi."

Alinirushia mwiko. Nikashukuru kwamba halikuwa sufuria, na hiyo nilikosea kuisema kwa sauti.

Msifikiri nilikuwa malaika. Hasira zilikuwepo, ila zilikuwa zinakuta nafasi imeshakaliwa. Lalamiko la pili halikuja, mwaka ukaingia, mwingine ukatoka. Mzee Mabula akastaafu akaenda kwao Magu kufuga ng'ombe, ambao nasikia wote ni wapole mno. Bi Koku naye akastaafu, na katika makabidhiano hakusahau kunikabidhi. Mkuu mpya alinitazama siku ya kwanza akasema, "Wewe ndiye uliyebakiza lalamiko moja?" Nikajibu ndiyo, mkuu. Aliyemfuata akauliza vilevile. Majengo ya ofisi yalipakwa rangi, magari yakabadilishwa, viti vikabadilishwa, lakini lalamiko langu moja lilirithishwa kama ng'ombe wa mahari. Kila nilipoinua kifuniko cha mtu nilijua kwamba mdomo ukiniponyoka mara moja, basi, mihogo.

Siku niliyokaribia kabisa kuponyokwa ni mara baada ya kumzika mama yangu Nansio. Ofisi walinipa siku za kuomboleza, lakini nilipanda meli nikarudi kazini kabla hazijaisha, kwa sababu nyumbani watu walikuwa wananipa pole, na kila pole ilikuwa inanirudisha kaburini. Nilinyoa kichwa, nikavaa kofia, nikachukua ndoano. Nyumba ya kwanza nikatafuta kitu cha kushukuru, sikukiona. Ya pili, sikukiona. Nilitazama juu, nikashukuru shingo, na shingo yenyewe ikawa inaniuma. Nikaanza kusoma mita bila kushukuru, nikiogopa hata kukitazama kile kigurudumu. Nikafika kwa Mama Kulwa.

Masufuria yalikuwa juu ya kifuniko. Kama siku ile.

"Ondoeni masufuria yenu!" nilifoka. Sauti yangu niliishangaa mwenyewe. Nilikuwa sijaisikia miaka. "Kila siku masufuria! Hii mita au meza?"

Mama Kulwa akatoka, akauziba mlango, mkono huku, mkono kule. Ndani nikasikia miguu inakimbia. Majirani wakaanza kutokeza. Kifua kilikuwa kimejaa maneno, yamejipanga yote, machafu, ya tangu zamani, yanasukumana kwenye koo kama abiria wa meli ya mwisho. Nilijua nikifungua mdomo nimekwisha, na nilikuwa naufungua. Nikavua kofia ili nipate hewa ya kutukania.

Mama Kulwa akakiona kichwa. Mikono ikashuka.

"Umefiwa?"

Nikaitazama kofia mkononi.

"Umefiwa na nani, baba?"

"Mama."

Akageukia ndani, akasema kwa sauti ya chini, "Acheni." Miguu ikatulia. Akatoka, akaondoa masufuria yake moja moja bila kuyagonganisha, akavuta kigoda, akanikalisha. Akawaambia majirani, "Hapa hakuna sinema," wakaingia ndani. Kisha akanikorogea kikombe cha uji, akakaa chini karibu nami, akanyoosha miguu.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Modesta."

"Alikuwa anapika nini?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Wote walikuwa wameniuliza aliumwa nini.

"Uji," nikasema. "Uji wa muhogo. Mzito, kijiko kinasimama peke yake."

"Huu wangu unauonaje?"

"Mwepesi."

"Kunywa hivyohivyo."

Nikanywa. Ulikuwa mwepesi kweli, na ulikuwa wa moto, na sukari ilikuwa imezidi, na nililia ndani ya kile kikombe kama mtoto wa chekechea. Mama Kulwa akawa anafukuza nzi kwenye maandazi kana kwamba haoni. Nilipomaliza nikakumbuka kazi. Nikafunua kifuniko kwa woga, maana moyo wangu ulikuwa bado umechafuka, sikuwa na utulivu hata wa kuazima. Kigurudumu kilikuwa kimesimama kabisa.

Mwanasayansi wa kweli angejiuliza hapo. Mimi nilijiambia kwamba mita nayo imenipa pole. Nikaivulia kofia, ambayo tayari nilikuwa nimeivua, na nikamwambia Mama Kulwa asante. Hiyo ilikuwa asante ya kwanza tangu mazishi, na sikuitafuta.

Baada ya hapo mnajua wenyewe, kwa sababu mlianza kuajiriwa. Mkaja na simu za kusomea mita, mnapiga picha kioo na kuondoka, soksi fupi, siafu wanawasubiri kwa hamu. Niliwakuta na hasira zangu za zamani, nikawapa sumaku, chuma na damu, kama nilivyopewa. Mmoja wenu aliniuliza, "Mzee, na hizi mita mpya?" Nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu, "Hizo ndizo zinasikia zaidi. Zina betri." Nikamwona juma lililofuata amesimama mbele ya shimo la mita, macho juu, anashukuru waya wa umeme. Nilifurahi sana. Naomba haya ninayowaandikia asiyasome peke yake, asome na mtu wa kumshika.

Nilipobakiza siku chache kustaafu, nilizunguka Mkolani kuwaaga watu. Sikuwa na lalamiko la pili. Mkuu wa sasa, kijana ambaye ningeweza kuwa mjomba wake, alikuwa ameniambia, "Mzee, shikilia hapohapo, usije ukaharibu langoni," na mimi nilikuwa natembea kama mtu aliyebeba mayai ya watu. Mama Kulwa nilimweka wa mwisho. Sasa ni bibi, magoti yanamsumbua, Doto ndiye anayekaanga maandazi, na Kulwa yuko Geita na wanawe.

"Shikamoo Mama Kulwa."

"Marahaba bwana maji. Nasikia unastaafu. Nilifikiri nipande bajaji niende nikakulalamikie, uondoke na kumbukumbu."

"Usithubutu! Mama, wewe ndiye uliyenipa lile la kwanza."

"Ulistahili. Uliniambia mdomo wangu ufungwe koki."

"Uliniambia macho yangu yana homa."

"Yalikuwa nayo. Kaa unywe uji."

Nikakaa. Uji ulikuwa mwepesi. Nilimtazama yule mama nikaona siwezi kuondoka bila kumpa kitu, na kitu cha thamani nilichokuwa nacho kilikuwa ni siri ya kazi. Kwa hiyo nilimweleza yote, polepole, kama mwalimu asiyesinzia. Nikamweleza sumaku, nikamweleza chuma kwenye damu, nikamweleza siku ya feni na siku ya mbuzi. Nikamwambia kwamba kwa ajili ya mita yake nilijifunza kushukuru harufu ya vitunguu, mashati ya watu na shingo yangu, na kwamba mke wangu amepata mume na watoto wangu wamepata baba. Kama si kile kigurudumu ningekuwa Nansio nimechimba mihogo ya nusu ya kisiwa.

Mama Kulwa alikuwa ameacha kukoroga. Alimwita Doto kutoka jikoni, akamwambia naye aje asikilize, nami nikarudia kwa heshima. Doto akashika ukuta. Mama Kulwa akafunika uso kwa khanga, mabega yanamtikisika, nikadhani nimemliza. Alipofunua uso alikuwa na machozi kweli, ila siyo ya aina niliyofikiri. Akajifuta, akapumua, akaniwekea mkono begani.

"Mita haina masikio, baba," alisema. "Ulipokuwa unakuja unafoka tulijua umekuja kukata maji. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni nakugombeza ili uchelewe, watoto wanafungulia koki zote wanajaza ndoo huku nyuma. Mtaa mzima tulikuwa tunafanya hivyo. Ulipoanza kuja unacheka, tukaacha kujaza."